Boila ikinguruma usiku, usikimbilie kuziba dirisha

MSIMU wa baridi unapoingia, kati ya Juni na Agosti, wakazi wa Limuru, Molo, Nyahururu na Kericho huongeza kuni. Katika shule za bweni, nyumba za wageni na hata maboma ya watu binafsi, boila za kupasha maji moto huwashwa mapema, aghalabu saa tisa au saa kumi usiku, ili maji yawe tayari kunapopambazuka. Wanaooga maji hayo ni wengi. Lakini wapo wachache ambao vyumba vyao vimepakana na mtambo huo, na hao huyalipia maji hayo kwa usingizi wao.

Huenda wewe, msomaji, ni mmoja wao. Au pengine huna boila karibu, ila kuna pampu ya maji ya ploti au jenereta ya jirani chini ya dirisha lako. Mengi ya nitakayosema yanakuhusu pia.

Mwili hauzoei

Wagonjwa wengi huniambia, "Daktari, kelele hiyo nimeshaizoea." Ni kweli kwamba baada ya majuma kadhaa unaweza kuacha kuamka kila mtambo unapowaka. Hata hivyo, macho tunayafumba lakini masikio hayafumbiki. Usiku kucha yanapeleka sauti kwenye ubongo, na mngurumo wa ghafla huchukuliwa kama dalili ya hatari. Mwili hutoa homoni kama vile adrenalini, moyo huenda mbio kidogo na shinikizo la damu hupanda kwa muda, hata kama hukuamka. Usingizi mzito hugeuka kuwa mwepesi. Asubuhi utasema ulilala saa nane, lakini utaamka umechoka.

Matokeo yake ni kuumwa na kichwa, hasira za haraka, kusahausahau na kusinzia kazini au darasani. Kelele za usiku zinazoendelea kwa miaka zimehusishwa pia na shinikizo la damu na maradhi ya moyo.

Niliwahi kumtibu matroni wa shule moja ya bweni ambaye shinikizo lake la damu halikushuka ingawa alimeza dawa bila kukosa. Nilipomuuliza kuhusu usingizi, alisema boila ilikuwa nyuma ya ukuta alipoegemeza kitanda. Shule ilimpa chumba upande wa pili wa bweni. Siwezi kusema kwamba chumba ndicho kilichomtibu, kwani dawa aliendelea nazo. Lakini kichwa kiliacha kumsumbua, na vipimo vikaanza kutulia.

Kelele kiasi gani ni nyingi?

Sauti hupimwa kwa desibeli. Mnong'ono ni kama desibeli 30, na mazungumzo ya kawaida ni kama 60. Kila zinapoongezeka 10, sikio huisikia sauti kama imekuwa maradufu. Mwaka wa 1999, Shirika la Afya Duniani lilipendekeza kwamba kelele ya mfululizo katika chumba cha kulala isizidi desibeli 30. Kanuni za Kenya za mwaka wa 2009 kuhusu kelele ziliweka kiwango cha 35 usiku katika makao ya watu.

Boila ya desibeli 45 haitaharibu masikio yako. Lakini usingizi itauharibu. Zipo programu za simu zinazokadiria sauti. Si sahihi kama kipimo cha mtaalamu, ila zitakupa fununu.

Hatari isiyo na sauti

Sasa nifike kwenye jambo linalonitia hofu zaidi. Mtu akichoshwa na kelele, hufunga dirisha na kuziba matundu ya hewa kwa magunia na matambara. Mwingine, hasa mlinzi wa usiku, hufanya kinyume: huvumilia kelele na kulala ndani ya chumba cha boila ili apate joto. Wote wawili wamejiweka hatarini.

Kuni, makaa, dizeli au gesi ikiungua bila hewa ya kutosha hutoa kaboni monoksidi. Gesi hii haina rangi wala harufu. Hujishikiza kwenye damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni mara 200 na zaidi, hivyo ubongo na moyo hukosa oksijeni. Inaweza kupenya kwenye nyufa za ukuta na dari, na katika chumba kilichozibwa haina pa kutokea.

Dalili zake ni kuumwa na kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu na mwili kuwa mlegevu. Wengi hudhani ni malaria au homa ya baridi. Jiulize: je, watu wote wa nyumba wanaumwa kwa pamoja? Je, unapata nafuu ukitoka nje, na dalili zinarudi ukilala tena chumbani? Ikiwa ndivyo, tokeni wote nje mara moja, msirudi ndani, na mwende hospitali. Mwambie daktari kwamba mnalala karibu na mtambo unaochoma kuni au mafuta, kwa maana kile kifaa kinachobana kidole kinaweza kuonyesha kwamba oksijeni ni ya kutosha ilhali sivyo.

Kwa sababu hiyo hiyo, usinunue dawa za usingizi dukani ili ushinde kelele. Zinaweza kukuzuia kuamka wakati ambapo kuamka ndiko kungekuokoa.

Tibu mtambo kwanza

Kelele inayobadilika ni dalili, kama kikohozi. Boila inayonguruma kama birika linalotaka kuchemka huenda imejaa lile tabaka jeupe gumu linaloachwa na maji yenye chumvichumvi. Mgongano ndani ya mabomba huweza kuletwa na hewa iliyonaswa au bomba lisilofungwa vizuri. Mwite fundi anayezifahamu boila. Na kama valvu ya usalama inapiga mluzi na kutoa mvuke, mtu yeyote asithubutu kuiziba. Kazi yake ni kuzuia tangi lisipasuke.

Baada ya hapo, fanya yafuatayo:

1. Hamisha kitanda hadi ukuta ulio mbali na mtambo, na kisigusane na bomba lolote.

2. Omba tangi lifunikwe vizuri kwa kizuia joto. Maji yaliyopashwa jioni yanaweza kubaki na moto hadi asubuhi, na hakutakuwa na haja ya kuwasha saa tisa usiku.

3. Pampu iwekewe mpira mzito chini yake, nayo mabomba yafungwe kwa vishikizo vyenye mpira, ili mtetemo usisafiri ukutani.

4. Kama mtambo unahamishika, usogezwe. Mahali pa wazi, umbali ukiongezwa maradufu, sauti hupungua kwa takriban desibeli sita.

5. Vizibo vya masikio husaidia, ingawa mngurumo mzito hupenya zaidi. Usivitumie ikiwa ni lazima usikie mtoto akilia au king'ora.

Zungumza kwanza na mwenye nyumba au mwalimu mkuu, kwa upole, ukimwonyesha saa ambazo mtambo huwaka. Asiposikia, peleka malalamiko kwa maafisa wa kaunti, kwani Katiba ya 2010 ilizipa kaunti jukumu la kudhibiti kelele, au kwa shirika la mazingira, NEMA. Na ikiwa umekosa usingizi siku tatu au zaidi kila juma kwa miezi mitatu, mwone daktari hata kama kelele imekwisha.

Usiku wa leo, kabla ya kuzima taa, tazama matundu ya hewa ya chumba chako. Ukikuta yamezibwa, yazibue kwanza. Kesho uende ukamtafute fundi.