Bitcoin: tuanzie wapi?

Wanamemba wa kooperative wanatuuliza: Bitcoin ni nini, na mutu anaingia namna gani? Maneno yake ni mengi mpaka kichwa kinauma. Tuchukue yale ya lazima tu.

Bitcoin ni franga isiyoshikika mkononi. Ilianza 2009. Hakuna benki inayoitoa. Kompyuta nyingi duniani zinaandika pamoja nani amemtumia nani. Siyo sawa na M-Pesa ao Airtel Money, ambako dola 100 zinabaki dola 100. Bei ya Bitcoin inapanda na kushuka. Novemba 2021 moja ilifika karibu dola 69,000. Novemba 2022 ilianguka chini ya 17,000.

Sasa fikirini: mumeuza mahindi mwezi wa tano, na feza ya mbegu na mbolea inangoja mwezi wa tisa. Ikianguka hivyo, mutapanda nini? Basi feza ya kasha la kooperative isiingie humo.

Mwenye kutaka kujifunza aanze na feza yake mwenyewe, kidogo, ile ambayo hata ikipotea watoto watakula. Akifungua mfuko wake kwenye telefone, atapewa maneno ya siri, mara nyingi 12 ao 24. Ayaandike kwenye karatasi, asionyeshe mutu. Yakipotea pamoja na telefone, hakuna ofisi ya kumurudishia.

Anayewaahidi faida mukimuletea watu wengine, mumukimbie. OneCoin ilianza hivyo 2014, ikafika mpaka Uganda. Ilikuwa wizi mutupu, na kiongozi wake, Ruja Ignatova, alitoweka 2017.

Mbele ya kutuma hata franga moja, ulizeni kwanza kwenye mukutano.