Kwa Akili au kwa Busara?

Novemba hii, jua la Stockholm likizama kabla ya saa kumi alasiri, tulikaa klabuni na kahawa zetu tukabishana juu ya neno moja la Kiingereza: judiciously. Husemwa juu ya mtu anayetenda jambo baada ya kulipima vizuri, awe anatumia fedha, anachagua maneno au anatoa adhabu. Kwa Kiswidi tunasema klokt, basi. Kwa Kiswahili je?

Kamusi zilitupa majibu matatu: kwa akili, kwa busara, kwa hekima. Tukadhani yote ni mamoja, mpaka mwenzetu mmoja alipotusimulia yaliyompata.

Alimtumia bibi yake wa Tanga fedha za kutengeneza paa, akaandika: "Bibi, zitumie kwa akili." Jibu likaja: "Nimezipata, mjukuu wangu. Akili bado ninayo." Kisha kimya, wiki mbili nzima.

Mama yake aliposoma ujumbe ule alishika kichwa. "Akili ni nywele, kila mtu ana zake," akamwambia. "Sasa wewe unamgawia bibi yako?"

Tukauliza: je, angeandika "kwa busara"? Mama alikwisha kumjibu hilo pia: mdogo hamwagizi mkubwa awe na busara. Basi akapiga simu. "Shikamoo, bibi. Naomba radhi. Mahitaji ya nyumba unayajua wewe." Bibi akaitika marahaba, akaanza kumweleza bei ya mabati.

Tuliyarudia maneno yetu matatu, yote yenye asili ya Kiarabu. Busara imetoka kwenye mzizi wa kuona. Mwenye busara huona mbali. Ndilo neno lililomo katika jina la Sauti za Busara, tamasha la muziki lililoanza Zanzibar mwaka 2004. Hekima ina mzizi mmoja na hakimu, hukumu na mahakama. Hapo ndipo inapokutana na lile neno la Kiingereza, ambalo nalo limetokana na neno la Kilatini lenye maana ya hukumu. Akili ni pana zaidi, na ujanja umo ndani yake. Mtu anaweza kuiba kwa akili, lakini hawezi kuiba kwa busara.

Kwa hiyo tumekubaliana hivi: fedha hutumiwa kwa busara, ugomvi husuluhishwa kwa hekima, na fumbo hufumbuliwa kwa akili.

Lakini kamusi haikutuambia nani amwambie nani. "Zitumie kwa busara" kwa rafiki ni ushauri, kwa mdogo wako ni wosia, na kwa bibi ni kukosa adabu. Sisi tuliojifunza Kiswahili jikoni kwa mama, huku shule tukisoma Kiswidi, hapo ndipo tunapojikwaa. Ndugu msomaji, kabla hujatuma ujumbe nyumbani, msomee kwanza mtu mzima aliye karibu nawe.