Siku tatu kwenye gati la Malindi

Padri naye huchoka. Baada ya ibada za Juma Kuu, saa nyingi za maungamo na ubatizo wa mkesha, nilichukua likizo yangu nikateremka Malindi. Sikwenda hotelini. Nilifikia kwa mdogo wangu, dereva aliyeishi mji huo miaka mingi, ambaye tulikuwa hatujazungumza kwa miaka sita. Aliyenialika ni mkewe, mama asiye na maneno mengi. Alinipigia simu akasema tu, "Shemeji, njoo. Watoto wanamjua baba mkubwa kwa picha."

Niseme kilichotokea, maana bila hicho utadhani nakusimulia habari za samaki. Siku ya mazishi ya baba, mimi ndiye niliyeongoza Misa. Katika mahubiri niligusia watoto wanaomkumbuka mzazi akiwa tayari kwenye jeneza. Sikutaja jina. Halikuhitajika, kanisa zima liligeuza shingo likamtazama mdogo wangu. Miezi michache baadaye nikajua kwamba sehemu kubwa ya bili ya hospitali aliilipa yeye, na kwamba baba mwenyewe alimkataza kusema ili sisi wengine tusione haya. Nilipojua, nilinyamaza. Kosa la kwanza lilikuwa la hasira. Hili la pili sina jina lake.

Asubuhi ya kwanza alinikabidhi mshipi uliozungushwa kwenye kipande cha ubao, na ndoana, na chubwi la kuuzamisha. "Twende gatini, Padri," akasema. Padri. Zamani aliniita kaka.

Wanaoijua Malindi wanaujua msimu huu. Kaskazi imekwisha, kusi inaanza, na Mto Sabaki ukishapata mvua za bara humwaga matope baharini mpaka maji ya ghuba yanakuwa kama chai ya maziwa. Wageni wanaotafuta bahari ya buluu huondoka. Wenye mishipi hubaki. Upande wa kusini wa ghuba kuna rasi yenye nguzo ya Vasco da Gama, aliyefika hapa Aprili 1498, siku za Pasaka kama hizi. Kipo pia kikanisa kidogo cha Wareno chenye makaburi. Mtakatifu Fransisko Ksaveri alipita Malindi mwaka 1542 akielekea Goa, akamzika hapa msafiri mwenzake. Katika barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima mjini alimwuliza kama Wakristo kwao huenda kanisani kwa wingi na kusali kwa bidii, kwa kuwa yeye alisikitika kuona ibada imepoa kwao. Seminarini tulimsoma Ksaveri kama mtu wa kutoa majibu. Siku hizi napenda zaidi kumfikiria akiulizwa swali lile.

Kuvua kwa mshipi kunaonekana rahisi. Unatia kipande cha ngisi au kamba, unatupa, unasubiri chubwi liguse chini, unavuta kidogo ili mshipi ukaze, kisha unaulaza juu ya kidole cha shahada. Kidole ndicho jicho lako huko chini. Samaki mdogo hugongagonga kama mtoto mlangoni. Mkubwa hubeba tu akaenda zake. Mgeni huvuta kwa pupa, nami nilivuta kwa pupa. Mzee mmoja aliyekaa karibu nasi juu ya ndoo iliyopinduliwa alinitazama nikipoteza chambo mara tano, akasema kwa upole, "Mwalimu, wewe huvui. Unawalisha." Siku hiyo nilipata bunju mmoja tu, akajivimbisha kama mpira, nikamrudisha majini kwa kuwa ana sumu. Mdogo wangu hakucheka.

Siku ya pili yeye ndiye aliyeanza. "Nyinyi mnaotuhubiria kusamehe, wenyewe huwa mnaomba msamaha lini?"

Nikaanza kujibu. Nikaingia Mathayo sura ya 18, nikaeleza hesabu ya mara ngapi, nikawa naelekea kwa yule mtumishi asiye na huruma. Akanikata: "Padri, samaki wako amekwenda." Kweli, mshipi ulikuwa umelegea na ndoana tupu.

Siku ya tatu nilisema bila sura wala aya. Nilisema, "Nilikukosea siku ya mazishi. Nilijua ukweli baadaye, nikanyamaza." Alikata kipande cha ngisi, akakitia kwenye ndoana yake, akatupa. Maji yalikuwa yanajaa, yakipiga nguzo za gati chini yetu. Muda ukapita. Kisha akasema bila kunitazama, "Ulisema kwa kipaza sauti. Sasa unaniomba radhi kwa kunong'ona?"

Sikuwa na jibu. Na wakati ule ule, msomaji wangu, kidole kikashtuka. Safari hii nilisubiri, nikavuta, akapanda tasi wa kiasi cha kiganja. Kwa furaha ya kijinga nikanyoosha mkono nimdake. Mdogo wangu akanishika kifundo. "Kaka, usimshike hivyo! Ana miiba." Miiba ya tasi huuma vibaya sana, mtu aweza kulia. Akambana kwa kitambaa, akamtoa ndoana, akamtia kwenye ndoo pamoja na wake wanne. Sidhani alisikia alivyoniita.

Jioni shemeji aliwachoma kwenye jiko la makaa nje ya mlango, kwa chumvi na ndimu. Mimi nimekuwa padri zaidi ya miaka ishirini na mitano, na Injili ya leo, Yohane sura ya 21, nimeihubiri mara nyingi. Kila mara nilishughulika na wale samaki 153 na wavu usiopasuka. Makaa niliyaruka. Lakini neno la Kigiriki analotumia Yohane kwa moto ule wa makaa limo mara mbili tu katika Agano Jipya lote, na zote ni kwake: ufukoni hapa, na kule uani kwa kuhani mkuu, ambako Petro aliota moto pamoja na watumishi akamkana Bwana wakisikia. Alikana mbele ya watu, penye moto wa makaa. Bwana akawasha moto kama ule, akamlisha kwanza, na walipomaliza kula akamwuliza mara tatu. Zamani niliona swali lile la tatu kama ukali kidogo. Nikiwa na mfupa wa tasi mkononi, sikuliona hivyo tena.

Unaweza kusema kwamba kwa kuandika haya gazetini nimekwisha kutubu hadharani. Hapana. Wazee wa kijijini kwetu, waliogeuza shingo siku ile, wengi wao hawasomi gazeti. Jumamosi ijayo kuna Misa ya kumbukumbu ya baba. Nimemwomba paroko wa kule dakika mbili kabla ya baraka ya mwisho, na kipaza sauti kile kile. Mdogo wangu amesema atakuja akipata ruhusa kazini.