Baba amepona kiharusi, je, arudi kwenye usukani?

Miezi kadhaa imepita tangu Baba apate kiharusi. Sasa anatembea bila fimbo na anakula mwenyewe. Asubuhi moja anauliza: “Funguo za gari ziko wapi?” Nyumba nzima kimya. Mama anamtazama mtoto mkubwa, naye anainamisha kichwa. Funguo zilifichwa kabatini tangu siku mzee alipolazwa.

Familia nyingi hukwama hapa. Anayesema “usiendeshe” huonekana amemkosea mzee heshima. Anayenyamaza anahatarisha maisha ya mzee na ya watu wengine barabarani.

Nchini Australia, familia haiachiwi mzigo huu peke yake. Aliyepata kiharusi haruhusiwi kuendesha gari lake binafsi kwa angalau wiki 4. Baada ya hapo, daktari akiwa na shaka humpeleka kwa mtaalamu wa tiba kwa vitendo aliyesomea zaidi upimaji wa madereva. Huyu ndiye anayewasaidia wagonjwa, wazee na watu wenye ulemavu kurudia shughuli zao za kila siku kama kuvaa, kupika na kufanya kazi. Kuendesha gari ni mojawapo.

Kipimo kina sehemu mbili

Sehemu ya kwanza hufanyika ofisini. Mtaalamu huuliza kuhusu ugonjwa na dawa, kisha hupima macho, nguvu za mikono na miguu, shingo inavyogeuka, na jinsi mguu unavyohama haraka kutoka kwenye mafuta kwenda kwenye breki. Hupima pia kumbukumbu, umakini na uelewa wa alama za barabarani.

Hapa ndipo mambo yaliyojificha huonekana. Kiharusi kinaweza kumfanya mtu asitambue vitu vilivyo upande mmoja, mara nyingi wa kushoto, ingawa macho yenyewe ni mazima. Mtu huyo anaweza kupiga soga vizuri sebuleni, lakini asimwone mtoto anayevuka barabara.

Sehemu ya pili ni barabarani, katika gari lenye breki ya ziada upande wa abiria. Mwalimu wa udereva hukaa mbele, mtaalamu hukaa nyuma akiandika: je, dereva anakaa kwenye njia yake? Anaangalia vioo? Anafanyaje kwenye kipilefti na kwenye taa?

Jibu si ndiyo au hapana tu

Wapo wanaoruhusiwa moja kwa moja. Wengine hushauriwa kupata masomo kwanza, au kuendesha mchana tu na karibu na nyumbani. Wengine gari lao hubadilishwa: asiyetumia miguu huwekewa breki na mafuta ya mkono, aliyedhoofika mguu wa kulia huwekewa pedali ya mafuta upande wa kushoto. Na wapo wanaoambiwa waache kabisa.

Nasi tufanyeje?

Tanzania nayo ina wataalamu wa tiba kwa vitendo, na chuo kilichopo KCMC, Moshi, huwafundisha. Kabla ya kurudisha funguo, muulizeni daktari anayemtibu mzee kama yuko tayari kuendesha, na mwombeni awaelekeze kwa mtaalamu huyo. Msiseme “anatembea vizuri, basi ataendesha vizuri”, wala msiseme “amezeeka, basi”. Umri peke yake haupimi dereva.

Na msimjadili mzee mgongoni kwake. Mwambieni: “Baba, hatukukatazi. Twende ukapimwe, na majibu yatakayotoka tutayafuata sote.” Kisha pangeni mapema: akiambiwa aache, nani atampeleka kliniki, msikitini au kanisani, na kuwaona wajukuu? Mzee anayejua kwamba hatafungiwa ndani hukubali majibu kwa urahisi zaidi.

Hapo hakutakuwa na haja ya kuficha funguo.