Garissa: Mwanafunzi anayetaka kutetea mazingira aanzie wapi?

KILA ifikapo Juni 5, Siku ya Mazingira Duniani, sherehe huwa ni zile zile kote nchini: wageni mashuhuri, fulana mpya, hotuba, na miche inayopandwa mbele ya kamera.

Katika Kaunti ya Garissa, tarehe hiyo ina kasoro ambayo mfugaji yeyote anaweza kuitaja. Mvua za masika, ambazo Wasomali huziita Gu, huwa zimekwisha. Mche unaotiwa ardhini siku hiyo hulazimika kustahimili miezi minne ya jua kali na upepo mkavu kabla ya mvua za vuli, yaani Deyr, zinazotarajiwa kuanzia Oktoba. Usipopata mtu wa kuunyweshea maji kila mara, hunyauka kabla ya Agosti.

Suala hili la tarehe lina uzito kwa vijana wa vyuo wanaoishi katika wadi za Galbet, Iftin, Waberi na Township mjini Garissa, na kwa wenzao waliotoka kaunti nyingine kuja kusoma huko. Nafasi za kushiriki katika kazi za mazingira zimeongezeka mno katika miaka ya karibuni. Kuna mikutano, mashindano, tuzo, mafunzo ya nyanjani na fedha za miradi. Hata hivyo, nyingi zimebuniwa na watu walioizoea nchi yenye mvua, ambako kupanda mti ni jibu la karibu kila swali.

Mji wa Garissa hupata chini ya nusu ya mvua inayonyesha Nairobi. Kijana wa hapa atakayefaidika na nafasi hizo, na kuifaidi ardhi yake pia, ni yule atakayeuliza kwanza: ardhi hii inahitaji nini?

Mti uliogeuka adui

Historia ya mathenge ni somo la kwanza. Mti huu wenye asili ya Amerika uliletwa Kenya mwaka wa 1973, ukapandwa karibu na Mombasa ili kufufua machimbo ya mawe yaliyoachwa wazi. Katika miaka ya 1980 ulipelekwa Baringo na bonde la Mto Tana, zikiwemo sehemu za Bura na Hola, kwa nia njema kabisa: kuzuia jangwa, kukinga upepo na kuwapa wakazi kuni.

Mti huo ulistawi kupita matarajio. Mbuzi na ngamia walikula maganda yake matamu, wakazisambaza mbegu kupitia kinyesi chao. Vichaka vya miiba vikaziba njia, malisho na kingo za mito. Wakazi wa Marigat, Baringo, waliishtaki serikali na kumpeleka mahakamani mbuzi kibogoyo awe ushahidi wa jinsi maganda yale yanavyoharibu meno ya mifugo. Mwaka wa 2008, serikali iliorodhesha mathenge miongoni mwa magugu hatari.

Lakini adui huyo amefungua mlango kwa mwanafunzi mdadisi. Maganda yakisagwa hadi mbegu zivunjike, huwa chakula cha mifugo wakati wa kiangazi na hayaoti tena. Kuni zake huchomwa makaa yenye moto mkali. Watafiti wa Taasisi ya Utafiti wa Misitu nchini (KEFRI) wamekuwa wakizichunguza mbinu hizo kwa miaka mingi. Kinachokosekana ni watu wa kuzitafsiri ziwe biashara ndogo kijijini: anayejua hesabu za gharama, anayeweza kutengeneza mashine ya kusagia, anayeweza kuzungumza na wazee kwa Kisomali na kuandika ripoti kwa Kiingereza.

Mfano upo. Joseph Nguthiru, aliyesomea uhandisi katika Chuo Kikuu cha Egerton, alianza na gugumaji lililoziba Ziwa Naivasha. Mradi wake wa chuoni ulizaa kampuni inayotumia gugu hilo kutengeneza bidhaa zinazochukua nafasi ya plastiki. Mwaka wa 2025 alikuwa mmoja wa vijana 3 duniani waliotuzwa na Shirika la Umoja wa Mataifa la Mazingira (UNEP) kuwa Mabingwa Vijana wa Dunia. Alichokuwa nacho mwanzoni ni gugu ambalo kila mtu alililalamikia, na mathenge ya Garissa inalalamikiwa vivyo hivyo.

Panapohitajika nyasi

Somo la pili linatoka kusini mwa kaunti, upande wa Ijara, anakoishi hirola. Huyu ni paa mwenye alama nyeupe zinazoyazunguka macho yake kama miwani, na ndiye wa mwisho wa ukoo wake. Katika miaka ya 1970 walihesabiwa kwa maelfu. Leo wamesalia chini ya 500, karibu wote mashariki mwa Kenya. Wakiangamia, ukoo mzima wa wanyama utakuwa umetoweka duniani, na kaunti itakayotajwa ni Garissa.

Maradhi ya sotoka yaliwapunguza katika miaka ya 1980, wawindaji haramu na wanyama wala nyama wakaendelea kuwaua. Lakini sababu iliyowashangaza wengi ilibainika watafiti walipolinganisha picha za setilaiti za miaka mbalimbali: miti na vichaka vilikuwa vimeongezeka zaidi ya maradufu tangu miaka ya 1980. Ndovu, ambao huangusha miti na kuiacha nyika wazi, walikuwa wameuawa au wamehama. Mifugo nayo ilikuwa imemaliza nyasi. Hirola hula nyasi na hupenda mahali pa wazi anapoweza kumwona adui kwa mbali. Msitu unapofunga, yeye hukosa pa kuishi.

Mmoja wa watafiti hao ni Dkt Abdullahi Hussein Ali, mwenyeji wa Garissa aliyeanzisha mpango wa kuwahifadhi hirola. Mwaka wa 2020 alipewa tuzo ya Whitley ya Uingereza kwa kazi hiyo. Mpango wake huwashirikisha wafugaji kupunguza vichaka na kupanda nyasi za asili, kazi inayowafaa hirola na ng'ombe kwa pamoja. Huko Ishaqbini, jamii ya wenyeji ilitenga ardhi na mwaka wa 2012 hirola 48 wakawekwa ndani ya ua usiopenyeka na simba wala fisi. Idadi yao iliongezeka hadi kupita 100.

Kwa mwanafunzi wa biolojia, jiografia au ualimu, maana yake ni kwamba mojawapo ya kazi muhimu zaidi za uhifadhi barani Afrika iko ndani ya kaunti anamosomea. Kazi za kuhesabu wanyama, kupima nyasi, kuhoji wafugaji na kufundisha shuleni huhitaji mikono kila msimu. Barua ya kuomba mafunzo ya nyanjani, yenye swali mahususi ambalo mwombaji anataka kulichunguza, husikilizwa kuliko barua inayoomba nafasi yoyote ile.

Aidha, karibu na mji wenyewe ipo hifadhi ya twiga ya Bour-Algi, ambako twiga huishi jirani na watu na mifugo yao. Katika ukame ulioanza mwishoni mwa 2020 na kudumu kwa misimu 5 ya mvua mfululizo, mifugo zaidi ya milioni 2 ilikufa nchini, na wanyamapori waliwafuata watu kwenye visima. Namna ya kugawana maji kati ya twiga, ngamia na binadamu ni swali linalosubiri watafiti.

Mto na jua

Mto Tana ndio uhai wa mji wa Garissa, lakini mwishoni mwa 2023 na tena Aprili na Mei 2024 uligeuka janga. Mashamba ya kando ya mto yalizama, barabara ya kuelekea Nairobi ikakatika, na mwishoni mwa Aprili 2024 mashua iliyojaa abiria ilizama katika maji yaliyofunika barabara hiyo, watu wakafariki.

Mafuriko ya Garissa mara nyingi huanzia mbali. Mvua ya Mlima Kenya na Nyandarua hujaza mabwawa ya umeme, Masinga hadi Kiambere, na yakifurika maji huteremka hadi nyikani siku kadhaa baadaye. Siku hizo ni muda wa kuwaokoa watu, iwapo onyo litafika kwa lugha wanayoielewa. Mwanafunzi wa kompyuta anayeweza kuigeuza tahadhari ya idara ya hali ya hewa kuwa ujumbe mfupi wa simu kwa Kisomali na Kiswahili ana mradi wa kumalizia masomo.

Kuhusu jua, Garissa ilikuwa makao ya kituo kikubwa zaidi cha umeme wa jua katika Afrika Mashariki na Kati kilipofunguliwa Desemba 2019. Kituo hicho cha takriban megawati 50 kina paneli zaidi ya 200,000 zilizoenea katika hekta 85. Paneli huhitaji kufutwa vumbi, kukaguliwa na kurekebishwa. Ndiyo maana kozi za ufundi wa umeme katika vyuo vya mji huu zinastahili kutazamwa kuwa kozi za mazingira.

Fedha zilizo karibu

Vijana wengi hutazama Nairobi, Geneva na New York wanapotafuta ufadhili. Ni wachache wanaotazama wadi yao. Kufuatia Sheria ya Mabadiliko ya Tabianchi ya 2016, kaunti zimeanzisha hazina za kufadhili miradi ya kukabiliana na ukame na mafuriko, na Garissa ilikuwa miongoni mwa kaunti 5 za kwanza kuujaribu utaratibu huo, pamoja na Isiolo, Wajir, Kitui na Makueni. Miradi hupendekezwa na kamati za wadi zenye wawakilishi wa vijana.

Kamati hizo hujadili malambo, visima, malisho na vitalu. Mwanafunzi anayehudhuria mikutano ya hadhara ya wadi ya Galbet, akajua mradi upi umependekezwa na kwa nini, huwa amejifunza jambo ambalo semina nyingi za hotelini haziwezi kumpa. Isitoshe, atakapoomba ufadhili wa kimataifa, atakuwa na kazi ya kuonyesha.

Ngazi ya kitaifa nayo haipaswi kupuuzwa. Mtandao wa vyuo vikuu vinavyojali mazingira ulizinduliwa 2016 ili kuvisaidia vyuo kupunguza taka, kuokoa maji na kutumia nishati safi. Chuo Kikuu cha Strathmore kilikuwa tayari kimeonyesha njia mwaka wa 2014 kwa kuweka mtambo wa jua wa kilowati 600 juu ya mapaa yake. Baraza la Mazingira la Umoja wa Mataifa nalo hukutana Nairobi kila baada ya miaka 2, na vijana huwa na kikao chao kabla ya mawaziri kuketi.

Vikwazo

Safari hiyo si rahisi kwa wote. Garissa iko takriban kilomita 370 kutoka Nairobi, na nauli peke yake humzuia mtoto wa mfugaji kuhudhuria mkutano wa siku moja. Vilevile, maombi ya safari za nje hudai pasipoti, na pasipoti hudai kitambulisho cha taifa. Kwa miongo mingi vijana wa kaunti za mpakani walipigwa msasa wa ziada na kamati maalumu kabla ya kupewa kitambulisho. Februari 2025 Rais William Ruto alitia saini tangazo la kuuondoa utaratibu huo. Anayekusudia kuomba nafasi hizi aanze kushughulikia stakabadhi mapema, kwani tarehe za mwisho hazimsubiri mtu.

Pia kuna kumbukumbu ya Aprili 2, 2015, siku ambayo magaidi waliwaua watu 148 katika Chuo Kikuu cha Garissa, wengi wao wakiwa wanafunzi. Chuo kilifunguliwa tena Januari 2016 na kupewa hati ya kujitegemea 2017. Wanafunzi kutoka pembe mbalimbali za nchi walirejea. Kazi ya pamoja ya mto, malisho na wanyama huwapa wageni na wenyeji sababu ya kufahamiana nje ya darasa.

Kalenda inayoifaa nyika

Mpango wa serikali wa kupanda miti bilioni 15 kufikia mwaka wa 2032 utaendelea kuvihusisha vyuo, na chama cha mazingira cha wanafunzi hakina budi kushiriki. Kinachoweza kubadilishwa ni ratiba na aina ya kazi. Oktoba 10, ambayo tangu 2024 ni sikukuu ya Mazingira nchini, huangukia mwanzoni mwa majira ya Deyr na inaifaa Garissa kuliko Juni 5. Siku hiyo yafaa migunga ya kienyeji inayotoa gundi ipandwe, na mbegu za nyasi za asili zitiwe katika mashimo ya nusu mwezi yanayonasa maji.

Juni 5 nayo itumike kwa kazi isiyohitaji mvua: kuokota plastiki kingoni mwa Tana, kung'oa mathenge michanga, na kuhesabu ni miche mingapi ya Oktoba iliyo hai. Hesabu hiyo iandikwe na kubandikwa ubaoni chuoni, hata ikiwa ni ya kusikitisha. Chama chenye rekodi ya miaka 3 ya miche iliyopona na iliyokufa, pamoja na sababu zake, kitakuwa na hoja ya kumwekea mfadhili mezani.