Tina na Baridi ya Kariobangi

Msomaji, ukiiona matatu ya Umoja au Buruburu inavyometameta, humsifu mchoraji. Mimi kwanza humsifu aliyechagua tina.

Katika gereji za Kariobangi rangi hupulizwa uwanjani ama chini ya mabati, na hewa ndiyo bwana. Siku ya hari hutakiwa tina ikaukayo polepole, rangi ipate kutandaa. Ile ya haraka hukauka ingali hewani, bodi likaparuza kama msasa. Siku ya baridi hutakiwa ya haraka, la sivyo rangi huchuruzika.

Lakini Julai ya Nairobi, mita 1,700 hivi juu ya bahari, huleta baridi na manyunyu pamoja. Hapo tina ya haraka hupaa na ujoto wa bati, unyevu ukatua juu ya rangi mbichi, hasa ya selulosi, na weusi wa kupendeza ukaingia ukungu. (Kwetu pwani unyevu tunao, hata kipupwe hakitutetemeshi hivi.)

Fundi mmoja nilimkuta kabanwa: mwenye gari aitaka kesho, kila siku bila abiria ni hasara. Akangoja adhuhuri, akatia tina ya polepole kidogo. Tajiri akanuna.