Chujio Peke Yake Halitoshi

Mgeni akifika katika vijiji vya kando ya Mlima Meru na kutekewa maji ya kisima, mara nyingi atapewa maji maangavu, yasiyo na harufu wala taka. Atayanywa bila ya wasiwasi. Lakini maji ya upande ule mara nyingi huwa na madini ya floridi, yatokayo katika miamba ya volkano, nayo hayaonekani kwa macho. Mtoto ayanywaye kila siku huota meno ya rangi ya kahawia, ambayo hapana mswaki wa kuing'arisha. Na floridi ikizidi sana, hata mifupa ya miguu hupinda. Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba lita moja ya maji isiwe na zaidi ya miligramu 1.5 za floridi. Visima vingi vya kaskazini mwa Tanzania hupita kipimo hicho, na vingine hukizidi mara tano na zaidi.

Wako wenzetu wanaodhani kuwa kuchemsha maji ni dawa ya kila ubaya. Kuchemsha huua vijidudu, na ni desturi njema. Lakini floridi haitoki kwa moto. Maji yapunguapo sufuriani kwa mvuke, floridi hubaki, na kila kikombe huwa nayo zaidi kuliko kwanza. Basi hapa pana haja ya ufundi mwingine.

Ufundi huo umebuniwa hapa nyumbani. Dk. Askwar Hilonga, mzaliwa wa kijiji cha Gongali wilayani Karatu, alisomea nanoteknolojia huko Korea ya Kusini, kisha akafundisha katika Taasisi ya Nelson Mandela ya Sayansi na Teknolojia, Arusha. Alitengeneza chujio linalounganisha mchanga na chembe ndogo mno zilizoundwa kwa kazi hiyo. Mchanga huzuia taka na vijidudu. Chembe hunasa floridi na metali nzito. Na kwa kuwa maji ya kila mahali yana ubaya wake, chujio huweza kupangwa kufuatana na maji ya mahali pale. Mwaka 2015 Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kilimpa tuzo yake ya kwanza ya ubunifu wa uhandisi kwa Afrika, paundi 25,000.

Wengi wetu tukisikia habari ya tuzo hudhani kuwa kazi imekwisha. Sisi twasema kuwa hapo ndipo inapoanza. Jamaa anayehesabu shilingi zake kila jioni hawezi kununua chujio kwa mkupuo mmoja, hata likisifiwa namna gani. Kampuni changa aliyoianzisha Dk. Hilonga, iliyochukua jina la kijiji chake, iligeukia njia ya vituo vya maji: chujio huwekwa kituoni, na mwenye kituo huwauzia jirani zake maji safi kwa bei wanayoimudu. Chujio moja huwafaa watu wengi, na mwenye kituo hupata riziki.

Hata hivyo, biashara hii ina mtihani wake. Maziwa yakichacha, mnunuzi atalalamika papo hapo. Chujio likichoka, hapana atakayelalamika, kwa maana floridi haina ladha ya kumwonya mnywaji. Hasara itaonekana baada ya miaka, meno ya mtoto yatakapoota. Mgema akisifiwa tembo hulitia maji; nasi twaonya kuwa sifa na tuzo zisimfanye mtu yeyote katika kazi hii asahau kupima maji yake, kubadilisha chujio kwa wakati, na kubandika majibu ya kipimo mahali ambapo kila mnunuzi atayaona.

Wako pia wanaosema kuwa maji si kitu cha kuuzwa, na kwamba lililo bora ni bomba liletalo maji mema kutoka chanzo salama. Hatuwapingi. Kampuni ya machujio isiwe mto wa kulalia wale wenye wajibu wa kuleta bomba. Lakini meno ya ukubwani hujengeka ndani ya ufizi katika miaka ya kwanza ya maisha, na mtoto anayekunywa leo hawezi kuambiwa asubiri.

Kwa hiyo twatoa shauri hili. Vyama vyetu vya ushirika na vya kuweka na kukopa vitazame kituo cha maji kama vinavyotazama duka au mashine ya kusaga, na kumkopesha mwanachama aliye tayari kukiendesha kwa uaminifu. Shule zilizo katika maeneo ya floridi zipewe nafasi ya kwanza. Na kila mzazi, kabla hajauliza bei ya ndoo, aulize maji yale yalipimwa lini. Mvumbuzi amekwisha fanya sehemu yake. Iliyobaki ni yetu sote.